Jibu langu limekwenda wapi? Kwa mwalimu mstaafu wa Mombasa

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Mombasa. Mjukuu wangu alinifungulia akaunti ya Facebook, na baadaye ya X. Mwezi uliopita mwalimu mwenzetu alifariki, na tangazo la msiba likawekwa katika kundi la wanafunzi wetu wa zamani. Kijana niliyemsomesha, ambaye sasa anakaa Malindi, aliuliza maziko ni saa ngapi. Nilikuwa nyumbani kwa marehemu, nikamjibu papo hapo: 'Leo baada ya Adhuhuri, Kikowani.' Hakuja. Siku ya tatu alipofika kutoa mkono wa pole, alisema kwa uchungu kwamba aliuliza na hakuna aliyemjibu. Nikafungua simu, jibu langu liko pale pale. Na kule X nilimjibu mwandishi mmoja wa habari, nikajibiwa na watu nisiowajua kabisa. Naomba unieleze: jibu likiandikwa huenda wapi, nani huliona, na kwa nini aliyelihitaji hakuliona?"

Shikamoo Mwalimu, na pole sana kwa msiba wa mwenzenu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu katika miaka ambayo nimekuwa nikiwafundisha watu wazima kutumia simu zao sijapata mfano unaolionyesha jambo hili waziwazi namna hii: jibu lilikuwa sahihi, liliandikwa kwa wakati, na mtu aliyelihitaji hakulipata. Hukukosea katika maneno. Kilichokosekana ni uzi wa kulifunga jibu lako kwenye swali lake, na uzi huo hauonekani kwa mtu ambaye hajaonyeshwa.

Katika mitandao ya kijamii kila jibu lina mzazi. Mkiwa mmekaa barazani, mtu akauliza nawe ukamjibu, wote waliopo wanajua unamjibu nani, kwa sababu umemgeukia, na swali lake bado halijapoa masikioni mwao. Kwenye simu hakuna kugeuka. Kompyuta inayohifadhi mazungumzo haisomi maana ya maneno yako ili ikisie kwamba "baada ya Adhuhuri" ni jibu la "maziko ni saa ngapi". Inachohifadhi, pamoja na maneno yako, ni alama moja inayosema kwamba ujumbe huu ni mtoto wa ujumbe ule. Alama hiyo haitokani na ulichoandika bali inatokana na mahali ulipobonyeza kabla hujaanza kuandika. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko mitandao yenyewe: kanuni za barua pepe zilizochapishwa mwaka 1982 tayari zilikuwa na mstari maalumu wa kutaja barua hii inajibu barua ipi, na programu za leo zimeurithi, ingawa zimeuficha nyuma ya kitufe.

Mzazi wa jibu ndiye anayeamua litatokea wapi kwenye kioo cha simu, nani atapelekewa arifa kwamba limeandikwa, na, katika mitandao mingi, nani ana ruhusa ya kulisoma. Tuyatazame haya kwenye lile tangazo lenu la msiba.

Fungua Facebook, uende kwenye tangazo hilo, ulitazame polepole. Juu kabisa kuna tangazo lenyewe, na chini yake sehemu za kupenda, kutoa maoni na kushiriki. Chini zaidi zinafuata komenti za watu, na chini ya kila komenti kuna maandishi madogo ya kijivu: muda uliopita tangu ilipoandikwa, neno la kupenda, na neno la kujibu. Mwisho kabisa, kwenye ukingo wa chini wa kioo, kuna kisanduku kirefu kinachokualika uandike. Kisanduku hicho ndicho kinachoonekana zaidi, na kidole cha mgeni hukimbilia hapo. Lakini kisanduku cha chini ni mlango wa kulijibu tangazo, si wa kumjibu mtu aliyeuliza chini ya tangazo. Ulipoandika ndani yake "Leo baada ya Adhuhuri, Kikowani", Facebook ililipokea jibu lako kama mtoto wa tangazo, yaani ndugu wa swali la yule kijana, wala si mtoto wa swali lake. Kwa hesabu ya programu, wewe na yeye mlikuwa watu wawili waliofika msibani, na kila mmoja akasema lake kwa mwenye nyumba.

Kama ungebonyeza lile neno dogo la kujibu lililo chini ya swali lake, kisanduku kingebadilika mbele ya macho yako kabla hujaandika hata herufi moja: kungetokea maandishi yanayosema unamjibu fulani, na mara nyingi jina lake hutangulia lenyewe ndani ya kisanduku. Baada ya kutuma, jibu lako lingekaa chini ya swali lake, limesogezwa ndani kidogo kutoka ukingo wa kushoto, kama unavyowafundisha watoto kuanza aya. Huko kusogea ndani ndiko kunakokuhakikishia. Jibu lililosogea ndani lina mzazi miongoni mwa komenti. Lililolingana na ukingo limeongea na tangazo. Darasani kwangu huwa nawaambia watu wasiweke simu chini kabla ya kulitazama jambo hilo, na wanaolizoea hawapotezi tena majibu yao.

Kuhusu arifa, mambo ni hivi. Jibu lingefungwa kwenye swali lake, simu ya yule kijana ingemwambia kwa jina kwamba wewe umeijibu komenti yake, na angebonyeza hapo akafikishwa moja kwa moja kwenye maneno yako. Kwa kuwa liliwekwa chini ya tangazo, yeye alipata, kama alipata chochote, ile arifa ya jumla ambayo huwaendea watu waliokwisha kuandika mahali fulani, kwamba fulani na wengine kadhaa nao wametoa maoni. Kwenye tangazo la msiba watu wanaandika "Innalillahi" na "poleni" kwa makumi, na mtu aliye njiani au kazini hawezi kuifungua kila arifa ya namna hiyo akitarajia kwamba ndani ya pole hamsini mna saa ya maziko. Sidhani kwamba alikuwa mzembe, na sidhani kwamba wewe ulikuwa mzembe.

Ipo njia ya pili ya kumfikia mtu, nayo ni kumtaja. Ukiandika alama ya @ na kuanza jina la mtu, orodha ya majina hutokea. Ukichagua jina lake katika orodha hiyo, jina hubadilika sura, likawa la rangi au lenye wino mzito, na mwenyewe hupelekewa arifa hata kama jibu halikufungwa chini ya komenti yake. Ni muhimu uchague kwenye orodha. Ukiandika tu "Mwanangu Salimu" kwa herufi za kawaida, programu haijui ni Salimu yupi, na hakuna atakayeitwa. Kutaja kunafaa pia pale ambapo komenti imeshajibiwa na watu wengi, kwa sababu Facebook haiendelei kusogeza majibu ndani bila kikomo: baada ya ngazi chache, majibu ya majibu hupangwa pamoja, na jina lililotangulia ndilo pekee linalobaki kuonyesha nani anaambiwa. Instagram, ambayo ilianza kupanga majibu chini ya komenti mwaka 2017, ina ngazi moja tu ya ndani. Humo jina likifutwa mwanzoni mwa jibu, mazungumzo ya watu watatu huvurugika mara moja.

Sasa kuna jambo ambalo huwashangaza sana watu waliozoea daftari na ubao. Komenti hazipangwi kwa saa zilipoandikwa. Kwa kawaida Facebook hukuonyesha kwanza zile inazozihesabu kuwa zinakufaa zaidi, kwa mfano zilizopendwa na kujibiwa na wengi au zilizoandikwa na rafiki zako, na nyingine huzikunja. Mpangilio wako na wa yule kijana haukuwa mmoja: wewe ulipofungua simu yako uliliona jibu lako, nalo likawa ushahidi kwako kwamba kila mtu ameliona, lakini kwake huenda lilikuwa limekunjwa chini ya maandishi yanayosema tazama komenti zaidi. Juu ya orodha ya komenti pana maandishi madogo ya mpangilio, na ukiyabonyeza unaweza kuchagua uonyeshwe mpya kwanza, au zote. Unapotafuta habari yenye saa ndani yake, kama maziko, safari au kikao, anza kwa kuchagua mpya kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo, neno "leo" ni neno la hatari katika jibu. Tangazo la msiba linaweza kumfikia mtu baada ya siku mbili kwa kuwa rafiki yake ameandika pole jioni ile, naye akasoma "leo baada ya Adhuhuri" akapanda gari. Andika siku na tarehe. Na saa nayo uiandike kwa maneno yetu, "saa saba mchana", badala ya tarakimu tupu, kwa kuwa katika makundi yetu wamo watoto waliokulia Uingereza na Marekani ambao wakiona 7 wanaisoma kwa hesabu ya kule, na mkubwa wa Mombasa akiona 1 anaweza kuisoma saa moja. Jibu zuri la mtandaoni husimama lenyewe hata likikatwa na kupelekwa mbali na swali lake: "Maziko ya Mwalimu ni Jumanne hii, baada ya swala ya Adhuhuri, makaburi ya Kikowani." Hilo hata likianguka mahali pasipofaa, atakayeliokota atalielewa.

Umeuliza nani huliona jibu, na hapa naomba unisome kwa makini, kwa sababu wengi wanadhani akaunti yao ndiyo inayoamua. Kwenye Facebook, jibu hufuata ruhusa za mzazi wake. Wewe unaweza kuwa umeufunga ukurasa wako ili rafiki pekee waone picha na maandishi yako, na ukafanya vizuri; lakini ukiandika komenti chini ya chapisho lililo wazi kwa watu wote, komenti hiyo nayo iko wazi kwa watu wote, pamoja na jina na picha yako. Ukiandika katika kundi la faragha, wanaosoma ni wanachama wa kundi hilo. Mwenye chapisho anaweza pia kubadilisha ruhusa zake baadaye, na komenti yako ikahama pamoja nalo bila wewe kuulizwa. Karibu na jina la mwenye chapisho kuna kialama kidogo, cha dunia au cha watu, kinachoonyesha nani ameruhusiwa. Kitazame kabla ya kuandika habari za ugonjwa wa mtu au namba ya simu ya wafiwa.

Mwenye chapisho ana mamlaka mengine pia. Anaweza kuifuta komenti yako, au kuificha. Kwenye kurasa za Facebook za mashirika na biashara, komenti iliyofichwa hubaki ikionekana kwa aliyeiandika na kwa rafiki zake, ilhali wengine hawaioni, kwa hiyo mtu anaweza kukaa wiki nzima akisubiri majibu ya swali ambalo umma haujaliona. Katika makundi, msimamizi anaweza kuweka utaratibu wa kukagua kwanza. Na pale watu wawili walipozuiana, kila mmoja haoni komenti za mwenzake, ndiyo maana wakati mwingine unaona watu wanamjibu mtu ambaye hayupo. Yupo, ila kwako hayupo.

Tugeukie X, ambayo hadi Julai 2023 iliitwa Twitter, kwa kuwa huko desturi ni nyingine. Ilipoanza mwaka 2006 haikuwa na kitufe cha kujibu. Watumiaji wenyewe ndio walioanza kuweka alama ya @ mbele ya jina la wanayemwambia, na mwaka uliofuata kampuni ikaipokea desturi hiyo ikaifanya sehemu ya programu. Naipenda historia hii kwa sababu inaonyesha tofauti tunayoizungumza: alama ya @ humtaja mtu, lakini haisemi ni neno lake lipi unalolijibu. Mtu akiwa amesema mambo matano asubuhi hiyo, @ peke yake haitoshi, ndiyo maana kitufe cha kujibu kikahitajika.

Kwenye X hakuna tofauti ya chapisho na komenti. Kila jibu ni chapisho kamili: lina kiungo chake, lina hesabu zake za waliolipenda, na linaweza kuchukuliwa peke yake na kusambazwa na mtu ambaye hakusoma ulichokuwa unakijibu. Linatokea chini ya neno la yule mwandishi wa habari, na linatokea pia katika ukurasa wako mwenyewe, sehemu ya majibu. Kuhusu wafuasi wako, kanuni ya miaka mingi ni kwamba jibu huingia katika orodha ya wale wanaowafuata ninyi wawili. Mwaka 2009 kampuni ilipoondoa chaguo la kuona majibu yote, watu walilalamika kwa wingi, na bado kanuni ikabaki. Leo, hata hivyo, ukurasa wa mwanzo wa X hupangwa na mashine inayomchagulia kila mtu kwa kukisia kitakachomvutia, na mashine hiyo inaweza kuchukua jibu lako kwa mwandishi maarufu ikaliweka mbele ya watu ambao hawakufuati wewe wala hawamfuati yeye. Hao ndio waliokujibu. Hawakukuvamia, na wala akaunti yako haikuingiliwa. Uliongea kwenye baraza ya mtu mwenye wageni wengi, na wageni wakasikia.

Juu ya kila jibu la X pana mstari unaotaja wanaojibiwa. Walioshiriki katika mfululizo wa majibu unaoujibu huongezwa hapo, na tangu Machi 2017 majina hayo hayahesabiwi tena katika urefu wa ujumbe, kwa hiyo yanaweza kuwa mengi bila wewe kuyaona. Ukibonyeza mstari huo kabla ya kutuma, utaona orodha yao na unaweza kuwaondoa wasiohusika. Fanya hivyo unapotaka kumwambia mtu mmoja jambo moja, vinginevyo simu za watu saba zitalia kwa ajili ya "ahsante". Nawe ukichoshwa na mazungumzo ambayo wengine wanaendelea nayo kwa jina lako, kwenye vinukta vitatu vya ujumbe kuna njia ya kujiondoa katika mazungumzo hayo.

Kujibu kusichanganywe na kunukuu, jambo lililowekwa kwenye Twitter mwaka 2015. Ukijibu, unaingia barazani kwa mwenyewe na kusema mbele ya wageni wake. Ukinukuu, unalichukua neno lake ukalipeleka barazani kwako, ukawaambia wafuasi wako walitazame, nao wakaanza kulijadili huko. Mtu aliyenukuliwa hupata habari, lakini mazungumzo hayako tena kwake. Kwa swali au sahihisho dogo, kujibu ni uungwana zaidi. Kunukuu kunafaa unapokuwa na la kuwaambia watu wako. Nimeona watu wakigombana siku nzima kwa sababu mmoja alibonyeza kunukuu akidhani anajibu kwa faragha, ilhali hakuna faragha upande wowote kati ya hizo mbili.

Mwenye chapisho kwenye X hawezi kulifuta jibu lako. Anaweza kulificha, na hata likifichwa, anayetaka anaweza kulifungua akalisoma. Tangu Agosti 2020 anaweza pia kuchagua nani aruhusiwe kujibu, kwa hiyo ukikuta kitufe cha kujibu kimefifia, usidhani simu imeharibika. Majibu ya watu wanaolipia huduma hupandishwa juu ya mengine, na jambo hilo limeufanya uzi wa majibu usiwe kipimo cha maoni ya watu: majibu matano ya kwanza chini ya habari si lazima yawe majibu bora, wala ya kwanza kuandikwa. Na kama mjukuu wako aliifunga akaunti yako ya X ili wafuasi wako pekee waione, basi yule mwandishi wa habari, ikiwa hakufuati, hataliona jibu lako hata kama umelifunga vizuri chini ya neno lake. Kwa kuwa umejibiwa na wageni, nachukulia kwamba akaunti yako iko wazi.

WhatsApp naitaja kwa ufupi, kwa kuwa hukuiuliza, ingawa najua jamaa zako wako huko. Ndani ya kundi la WhatsApp ujumbe wote hupangwa kwa saa, mmoja chini ya mwingine, na mtu hujibu kwa kuushika ujumbe na kuuvuta kuelekea kulia, hapo kipande cha ujumbe ule kikatokea juu ya jibu lake. Fikiria kundi la ukoo ambamo dada ameuliza, "Tufanye khitma Ijumaa?" na kaka ameandika baada yake, "Kila mmoja atoe elfu mbili?" nawe ukaandika "Naam, sawa" bila kuvuta chochote. Nusu ya ukoo itaelewa umekubali siku, na nusu itaelewa umekubali mchango. Ukivuta swali la dada ndipo ukaandika, hakuna atakayekosea, na anayefika jioni akakuta ujumbe sitini anaweza kukibonyeza kile kipande akarudishwa kwenye swali lenyewe. Ipo pia njia ya kumjibu mtu kwa faragha neno alilolisema kundini. Itumie kwa mambo ya pesa na ya ndoa, na kabla ya kutuma usome jina lililo juu ya kioo. Ukikosea, tangu mwaka 2023 unaweza kurekebisha maneno ndani ya dakika 15.

Kufuta nako kuna kanuni zake, nazo zinatoka kwenye suala lilelile la mzazi na mtoto. Ukifuta komenti yako kwenye Facebook, majibu ambayo wengine waliyaandika chini yake huondoka pamoja nayo, hata kama humo mlikuwa na maelezo mazuri ya mtu mwingine. Kwenye X, ukifuta neno la juu, majibu ya wengine hubaki yakining'inia, na mahali pa neno lako huandikwa kwamba limefutwa. Kwa hiyo kwenye Facebook ni bora kurekebisha kuliko kufuta, ukijua kwamba wasomaji wanaweza kuitazama historia ya marekebisho yako.

Kuna onyo moja ambalo siwezi kuliacha, Mwalimu, kwa sababu limewagharimu watu wa umri wako na hata vijana. Mtu akiandika hadharani kwamba pesa zake zimekwama benki au kwenye huduma ya pesa kwa simu, mara nyingi anajibiwa haraka na akaunti yenye jina na picha ya kampuni hiyo, ikimwambia aendelee kwenye ujumbe wa faragha au apige namba fulani. Akaunti nyingi za namna hiyo ni za matapeli wanaovizia majibu. Kumbuka kwamba mtu yeyote anaweza kuwa mtoto wa neno lako. Kuwa chini ya swali lako si ushahidi kwamba ametumwa kulijibu. Bonyeza jina la akaunti, utazame ilifunguliwa lini, ina wafuasi wangapi, na jina lake la baada ya @ limeandikwaje herufi kwa herufi. Namba yako ya siri usimpe yeyote, na namba ya huduma kwa wateja uichukue kwenye kadi yako au uiulize tawini, usiichukue katika majibu.

Sasa kuhusu kijana wako wa Malindi. Najua ameshafika kwako na mmezungumza, lakini swali lake bado liko pale kundini bila jibu chini yake, na wanafunzi wengine wanaopita wanaona kwamba aliuliza na walimu wake wakanyamaza. Ningekushauri urudi leo kwenye tangazo lile, uchague komenti mpya kwanza ili uikute ya kwako kwa urahisi, uiache kama ilivyo, kisha uteremke hadi kwenye swali lake, ubonyeze lile neno dogo la kujibu, usubiri uone jina lake limetokea, ndipo uandike kitu cha namna hii: "Mwanangu, siku ile nilikujibu papo hapo, lakini jibu langu lilikwenda chini ya tangazo badala ya kukufikia wewe. Maziko yalikuwa siku ileile baada ya swala ya Adhuhuri, Kikowani. Ahsante kwa kuja kutupa mkono." Ukishatuma, tazama kama limesogea ndani chini ya jina lake.